Mashine Nzima, Nahodha Mgonjwa

Ng'ambo ya bwawa, Mtera
Jumapili, 13 Juni 1999

Mdogo wangu Debora,

Mbukwa. Anayekukabidhi barua hii ni Nesi Lydia, na mgonjwa aliye naye ni shemeji yako Ulimboka. Mpokee. Mimi nimeshindwa kuja naye. Sababu nitakueleza, ingawa mkono umechoka na hata karatasi nimeiomba kwa nesi huyo huyo.

Jana tulikuwa tunarudi kutoka vijiji vya ng'ambo. Unajua kwamba boti ya serikali ilipokufa, halmashauri iliamua kazi ya kuwavusha watu wa chanjo wapewe watu binafsi, na sisi ndio tulioipata, kwa sharti boti yetu iwe na bima. Mimi nilikuwemo na matenga yangu ya samaki. Tulipofika katikati, kwenye ile miti iliyokufa siku maji yalipofunika pori, Ulimboka alikuwa anamtania nesi kwamba Wanyakyusa hawaogopi maji wala mahari. Akanyamaza katikati ya neno. Nilipogeuka, mkono wa kulia ulikuwa umeachia usukani, mdomo umekwenda upande, na macho yananitazama kama ya mgeni anayeuliza njia. Boti ikazunguka, ikagonga kisiki, Lydia akairukia mashine akaizima.

Ndani hapakuwa na mwingine anayejua kuendesha. Tulipunga kanga mpaka mvuvi mmoja wa mtumbwi akatuona, akaenda kumwita Bartolomayo. Huyo ndiye aliyeandikishwa na kampuni yenu ya bima kuvuta boti za wateja wake hapa bwawani. Alipofika aliuliza hata kabla ya kusalimu:

"Mashine imekufa?"

"Mashine nzima," nikamwambia. "Nahodha ndiye aliyeanguka."

Akavuka kuja kwetu, akavuta kamba mara moja, mashine ikaunguruma. Akaizima, akakaa ameshika kichwa.

"Mama, mimi nimeandikiwa kuvuta boti iliyoharibika. Hii haijaharibika."

"Basi iendeshe."

"Kwenye bima yenu nahodha aliyetajwa ni Ulimboka peke yake. Nikigusa usukani tukapasua boti, mimi sina bima na nyie hamna."

Lydia akamwambia, "Mtu anakufa hapa, baba, wewe unatusomea karatasi?"

Ndipo alipofunga kamba akatuvuta, lakini si kwenda mwaloni kwetu, pale tunapoegesha boti kando ya barabara. Alituvuta hadi ufuko wa karibu, kwa sababu hapo ndipo alipoona anaweza kujitetea kwa kampuni. Ufuko wa karibu ni huu wa ng'ambo. Hapa hakuna zahanati wala njia ya gari, ni ng'ombe na michongoma tu. Alisema angemhamishia mgonjwa kwenye boti yake na kuondoka naye hapo hapo, lakini upepo ukavuma, mawimbi yakawa ya kupindua. Tukalala hapo. Laiti angetuvuta moja kwa moja, tungefika kabla ya upepo. Asubuhi hii kaja mwenyewe kuwachukua mgonjwa na nesi. Sikumwitikia salamu.

Mimi nimebaki kwa sababu shemeji yako ameweza kutamka jambo moja tu lililoeleweka: "Mashine… usiiache." Na ni kweli, huku mashine zinaibwa mchana kweupe. Nimepokelewa na mama mmoja mfugaji, anaitwa Hana, boma lake linaona maji.

Nenda kwa bosi wako Optatus, na kwa yule wakala, Masudi. Masudi alituambia mbele yako, ukiwa kwenye taipureta yako: "Mkikwama majini, popote, mtavutwa." Sasa tumekwama. Waambie watuvute.

Dada yako,
Yasinta

*

Dodoma
19 Juni 1999

Dada Yasinta,

Shikamoo. Naandika kwenye karatasi ya ofisi wakati wa chakula cha mchana, nisamehe mwandiko.

Shemeji yuko hospitali ya mkoa. Anaendelea vizuri. Anakula, anazungumza kidogo, madaktari wanasema ni kiharusi na kwamba anahitaji kupumzika. Usiwe na wasiwasi naye. Nampelekea uji wa uwele kila asubuhi kabla ya kazi. Mama amekuja kutoka Haneti, anashinda naye.

Kuhusu boti, nilimwendea Optatus. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Aliniagizia na chai. Halafu akafungua mkataba wenu, akaniwekea kidole kwenye mstari.

"Soma hapa, Debora."

Nikasoma. Kiingereza chake kinasema boti itavutwa ikiwa chombo chenyewe kimeharibika, na itavutwa hadi mahali salama palipo karibu, basi.

"Lakini bosi, boti haina mtu wa kuiendesha. Si sawa na kuharibika?"

"Chombo ni kizima. Nahodha si sehemu ya chombo."

"Masudi aliwaambia wataokolewa wakikwama popote."

"Masudi aliwaambia kwa Kiswahili. Mkataba ni wa Kiingereza."

Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga taipu barua nyingine tatu za wateja wengine, na zote zilikuwa na mstari ule ule. Zamani kulikuwa na bima moja, ya serikali, na watu walikuwa wanailaani kwa uvivu. Sasa kampuni ziko nyingi, zina kalenda nzuri, na makarani wanavaa tai.

Kuna jambo jingine, naliandika huku naliogopa. Masudi alinifuata nje. Aliona haya, nilimwona. Akasema, "Mwambie dada yako hivi: mashine ikifa leo, kesho atavutwa. Konzi la mchanga tu kwenye tangi. Atakayekwenda kukagua ni mimi." Akaondoka haraka kama mtu aliyekwepa mvua. Sikushauri kitu. Nimekuletea maneno kama yalivyo.

Na usithubutu kumpa mtu mwingine usukani. Optatus amesema wazi: akiendesha ambaye hakutajwa, bima inaanguka, na bima ikianguka halmashauri nayo inachukua kazi yake.

Mdogo wako,
Debora

*

Ng'ambo, Mtera
30 Juni 1999

Mume wangu Ulimboka,

Debora atakusomea hii. Mimi mzima. Boti iko salama, imefungwa kwenye mti mnene, na maji yapo tele. Mashine naifunika turubai jioni na kuifunua asubuhi kama ulivyonizoesha. Watu wa hapa ni wema. Samaki nawabanika na kuwauza kwa wachungaji. Wewe lala, kula, usifikirie bwawa. Nakuja mara tu tutakapovutwa.

Yasinta wako

*

Debora, karatasi hii ya pili usimsomee.

Maji hayapo tele. Wanafungulia kule kwenye mitambo ya umeme, na mvua hazipo mpaka mwisho wa mwaka. Kila nikiamka, ufuko umesogea. Boti sasa imelalia ubavu, nusu iko kwenye matope, na matope yakikauka mbao zitaachia. Nimekuwa nikichota maji kwa ndoo na kuimwagia ubavuni kama mtu anayemwogesha maiti. Wavuvi wanaopita wananiambia, "Mama, bado kidogo tu hiyo itakuwa banda la kuku."

Maneno ya Masudi nimeyapokea. Sikukasirika. Nilikwenda kwenye boti nikiwa na mchanga kwenye bakuli, nikafungua kifuniko cha tangi. Nikakaa. Debora, ile mashine naijua. Mume wangu aliinunua kwa kuuza shamba la baba yake kule Kyela, na ndugu zake hawajamsemesha mpaka leo. Akirudi kutoka majini huifuta kabla ya kunawa mikono yake mwenyewe. Nikafunga kifuniko. Lakini bakuli sikulimwaga, nimeliweka kwenye boma la Hana nyuma ya mlango. Nimechoka, mdogo wangu. Sijui kesho nitakuwa mtu wa namna gani.

Muulize yeye. Usimwambie habari ya maji, muulize tu habari ya mchanga. Akisema niutie, nitautia, na dhambi itakuwa ya wawili.

Hana ameniuliza kwa nini nisimwombe Bartolomayo. Nimemjibu kwamba yule anasubiri boti ife ili kazi ya halmashauri iwe yake. Hana akatafuna tumbaku yake, akaenda kukamua ng'ombe.

Yasinta

*

Dodoma
11 Julai 1999

Dada Yasinta,

Shikamoo. Kwanza nirekebishe jambo. Niliandika kwamba shemeji anazungumza kidogo. Ukweli ni kwamba wakati ule alikuwa hazungumzi kabisa, alikuwa anatoa sauti tu, na mama alikuwa anatoka nje kulia. Nilifikiri ukijua utaiacha mashine ukimbilie huku, halafu yeye akipona nitamjibu nini? Sasa maneno yanarudi, moja moja, kama mbuzi wanaoingia zizini. Mkono wa kulia haujarudi. Daktari hasemi utarudi wala hautarudi. Mguu anauburuza, ameanza kusimama kwa fimbo.

Nilimsomea barua yako, karatasi ya kwanza tu, nikijitahidi kuchangamka. Nilipofika kwenye "maji yapo tele" alifumba macho. Nikadhani amelala. Akasema:

"Mwezi gani huu?"

"Julai, shemeji."

"Julai maji hayajai." Akapumzika. "Yasi anadanganya. Soma… nyingine."

"Nyingine ipi?"

Akauelekeza mkoba wangu kwa kidevu.

Nimwambie nini, dada? Nilimsomea yote. Matope, ndoo, bakuli la mchanga. Mama alinifinya kwa nyuma ninyamaze lakini nilikuwa nimeshaanza. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja tu wa uso, upande unaosikia. Nikamuuliza kuhusu mchanga. Hapo aliniogopesha, kwa sababu alijaribu kuinuka. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Mashine nzima! Mimi mbovu. Waambie… mimi mbovu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Mzee mmoja wa Kongwa, mwenye mguu uliokatwa, akasema, "Mwacheni, anajitetea kazi yake."

Kesho yake alidai karatasi na kalamu. Ameandika kwa kushoto, ameshinda nayo. Nimeiweka humu bila kuigusa.

Debora

*

YASI

MASHINE NZIMA. MCHANGA HAPANA.
BIMA IACHE IANGUKE. BOTI ISIANGUKE.
MWITE BATOLOMAYO SI MBAYA NI MWOGA. MWAMBIE MIMI NIMESEMA AKAE MBELE AANGALIE VISIKI.
USUKANI SHIKA WEWE.
UNAJUA. MIAKA YOTE UMEKAA UNANITAZAMA.

ULI

*

Mtera, upande wa barabara
25 Julai 1999

Mdogo wangu Debora,

Mbukwa. Tazama hapo juu nimeandika niko wapi.

Barua ya Uli niliisoma nimesimama. Nikaenda nyuma ya mlango wa Hana, nikachukua bakuli, nikaumwaga mchanga mahali ulipotoka. Halafu nikamwomba mtoto wa Hana wa kiume, yule mwenye mke, apite na mtumbwi kumwita Bartolomayo. Nilikaa nikimsubiri huku nimeandaa matusi, endapo angekataa.

Alikuja. Hakushuka kwenye boti yake mpaka nilipomkaribisha. Nikampa karatasi. Aliisoma taratibu, akafika kwenye lile neno "mwoga", akalirudia kwa sauti. Nikadhani atakasirika.

"Kweli," akasema. "Mimi ni mwoga."

Halafu akaanza kueleza, na mimi sikuwa nimemuuliza. Kumbe mwaka juzi, kwenye yale mafuriko, alimwendeshea boti mtu aliyekuwa na homa. Kisiki kikaipasua. Mwenye boti alipopona alimshtaki kwenye baraza la kata, wakamnyang'anya nyavu zake zote. Mke wake alirudi kwao. "Tangu hapo," akasema, "kabla sijamsaidia mtu, nauliza karatasi inasemaje. Siku ile nilipowavuta hadi huku nilijua nakosea. Upepo ulipovuma nilikaa mwaloni kwangu nikawa nausikia. Nimekuja mara kadhaa nikakaa kwa mbali, nikakuona unaimwagia boti maji. Sikuthubutu kusogea. Uliniangalia kama nyoka."

"Nilidhani unaitaka kazi yetu," nikamwambia.

"Naitaka," akasema. "Nani haitaki? Lakini si hivi."

Debora, mimi nilizoea kumchukia, ilinipa nguvu. Alipomaliza kusema hivyo nguvu hiyo ilikwisha. Nikakaa chini kwenye matope.

Wanaume wa boma la Hana waliisukuma boti kwa mabega, wakiimba wimbo wa kumnyanyua ng'ombe aliyelala. Ilitoka kwenye matope kwa sauti ya busu kubwa. Hana mwenyewe, mzee vile, alisukuma kwa makalio, watu wakacheka mpaka wakalegea.

Bartolomayo akakaa mbele, mgongo kwangu. "Usukani sitaugusa," akasema. "Lakini macho yangu ni yako." Nikavuta kamba. Mara ya kwanza nilivuta kwa woga ikakohoa. Mara ya pili ikawaka. Uli anasema ninajua kwa sababu nimemtazama. Kutazama si kushika, mdogo wangu. Usukani unatetemeka kama mtoto mwenye degedege, na unakwenda kinyume: ukitaka kulia unausukuma kushoto. Nilikuwa nikinong'ona, "Kinyume, kinyume." Yule mbele anainua mkono, kulia, kulia, polepole, sasa nyoosha. Kwenye miti iliyokufa nilikigonga kisiki kimoja. Boti ikalia. Bartolomayo alishika ukingo kwa mikono miwili na mabega yake yakaganda. Nikajua anaziona nyavu zake. Lakini hakugeuka, na hakuuomba usukani. Akasema tu, "Haijaingiza maji. Twende."

Tukafika mwaloni. Nilidhani watu watasimama. Mchuuzi mmoja akaniuliza kama nimekuja na samaki. Nikasema sina, akaenda kwa mwingine.

Nimefunga boti, nimeifuta mashine, halafu nikanawa mikono. Nimelala mchana kutwa.

Lydia amekuja. Nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine kwamba boti imeendeshwa na mtu asiyetajwa. Akasema, "Mama Yasinta, mimi sijasikia." Nikamwambia asikie, awaandikie halmashauri. Sitaki kuishi nikihesabu nani anajua. Ameandika huku amenuna.

Ulimboka atatoka lini? Sasa naweza kuja kumchukua.

Yasinta

N.B. Barua yako ya mwisho haikuwa na nembo ya ofisi. Kwani karatasi zimekwisha?

*

Dodoma
6 Agosti 1999

Dada,

Shikamoo. Una macho ya mwewe. Karatasi hazijakwisha, nimekwisha mimi.

Ilikuwa hivi. Niliandika barua kwa Optatus kwamba nilikuwepo siku Masudi alipowaahidi, na kwamba kampuni ina wajibu wa kuwasomea wateja kwa lugha wanayoielewa. Aliniita. Hakupaza sauti. Akanipa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu, yenye jina langu, kwamba sikusikia ahadi yoyote.

"Weka sahihi tuendelee na kazi."

"Lakini nilisikia."

"Debora, umesikia mangapi katika maisha yako? Hili moja tu ndilo lisisahaulike?"

Nikamwambia ndiyo, hilo moja tu. Akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Hiyo ilikuwa kabla sijakuandikia barua ya Julai. Sijaitwa, na kiti changu kina msichana mwingine, nimemwona dirishani. Sikukuambia kwa sababu ungesema ni kwa ajili yako. Sehemu ni kwa ajili yako. Sehemu ni kwa ajili ya zile barua tatu nilizopiga taipu siku aliponionyesha mkataba wenu, nikijua zinakwenda kwa watu ambao hawatasoma mstari huo mpaka siku ya shida.

Masudi alikuja nyumbani kuniona. Alisimama mlangoni, hakuketi. Aliniambia yeye ameshaweka sahihi yake, ana watoto. Nikamwambia sijamlaumu. Akauliza kama mashine ilikufa. Nikamwambia hapana, iliwaka. Akacheka kwa namna ya ajabu, akasema, "Afadhali," akaenda zake.

Usinihurumie. Nimeazima taipureta kwa mtu wa kanisani, nimeweka meza karibu na stendi, chini ya kibati. Wanafunzi wananiletea maombi ya kazi niwapigie. Jioni mgongo unauma kwa uchovu lakini ni mgongo wangu.

Shemeji ameruhusiwa. Usije kumchukua, nauli ya watu wawili ya nini. Amekataa katakata kuchukuliwa kama mzigo, anataka kupanda basi mwenyewe. Nitampandisha na kondakta nitamkabidhi. Ila nikutayarishe, dada. Si yule uliyempandisha kwenye boti ya Bartolomayo. Amekonda, uso umeinama upande, na anakasirika haraka maneno yakimkimbia. Akishindwa kufunga kifungo anakaa nacho hivyo hivyo, hataki umsaidie. Usimkimbilie. Msubiri.

Na nilimwambia kwamba bima imeanguka kama alivyotaka. Akatikisa kichwa. "Ilikuwa imeanguka… siku nyingi," akasema.

Mdogo wako,
Debora

*

Mtera
29 Agosti 1999

Mdogo wangu Debora,

Mbukwa. Amefika. Nilitaka kukuandikia siku ile ile lakini sikuweza kushika kalamu, na ukisoma utaelewa.

Basi lilisimama pale darajani. Nilikuwa nimefika mapema kupita kiasi, nimekaa kwenye jiwe. Nilikumbuka maneno yako, nikajishika kanga nisiinuke. Akashuka kinyumenyume, fimbo kwanza, halafu mguu mzuri, halafu ule mwingine akauvuta kama anavuta kitoto. Kondakta akataka kumshika, akamtolea macho. Akasimama kwenye vumbi la basi mpaka lilipotulia, akaniona.

"Yasi," akasema.

"Karibu nyumbani."

Nikampangusa vumbi la basi begani. Unajua tulivyo.

Nilidhani tutapanda kwenda nyumbani, nilikuwa nimepika mlenda na kumchinjia jogoo. Yeye akageukia mwaloni. Nikamfuata kwa nyuma. Watu walitupisha. Wengine walimsalimu kwa sauti kubwa, kama vile aliyeugua ni masikio. Bartolomayo alikuwa anapakia mapipa ya barafu ya watu wa chanjo. Nikuambie: kazi ya halmashauri sasa ni yake, walimpa baada ya barua ya Lydia. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Niliumia asubuhi moja, nikaendelea na samaki. Wauguzi wakizidi, huja kukodi boti yetu na hunilipa bila kuombwa.

Alipomwona Uli aliacha pipa. Wakatazamana. Uli akasema, kwa shida, "Mwoga." Bartolomayo akajibu, "Shikamoo, kaka." Uli akacheka, Debora! Mdomo ulikwenda upande lakini ni kicheko chake, sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya utani wa mahari. Wakamsaidia kupanda, na hapo hakukataa, maana boti haina aibu, kila mtu huinuliwa.

Akakagua mashine. Akapitisha kidole cha kushoto chini ya kifuniko, akakitazama, akakosa uchafu, akanuna. Kovu la kisiki akalipapasa kwa kiganja. Nikasubiri anikaripie. Akaniuliza, "Kile… chenye tawi?" Nikasema ndicho. Akasema, "Hata mimi. Mara mbili."

Halafu akaenda kukaa mbele, kwenye kiti cha abiria, akaniachia usukani.

Tukaondoka. Sikujua tunakwenda wapi na sikuuliza. Maji yameshuka sana, bwawa limekuwa dogo, ile miti iliyokufa sasa imesimama nje nusu mwili. Alikuwa akinionyesha kwa mkono wa kushoto. Mara moja alinirekebisha vibaya, alisema kulia akionyesha kushoto, mimi nikafuata mkono. Aligundua, akapiga goti lake. Nikajifanya sijaona.

Tulipopita visiki, mkono ukaacha kuonyesha. Nikaita, "Uli?" Kichwa kilikuwa kimeinamia kifuani. Ilikuwa mahali pale pale, saa zile zile za jua kuegemea. Nikazima mashine. Nikajiona tena nikipunga kanga, nikimwona tena mtu akija na kamba na kuniuliza kama mashine imekufa.

Halafu, mashine ilipotulia kabisa, nikamsikia. Alikuwa anakoroma.

Huyu mtu, tangu anioe, hajawahi kusinzia majini. Hata akiwa na homa. Husema majini mwenye boti hana kope. Sasa alikuwa ameachia shingo kama mtoto mgongoni, fimbo katikati ya magoti, mate yakimtoka upande ule usiosikia. Nikajongea, nikamfuta kwa ncha ya kanga. Hakuamka. Nilianza kulia na sikujizuia, hapakuwa na wa kunitazama isipokuwa ndege.

Sikuiwasha mashine. Jogoo wangu alikuwa anapoa nyumbani, nikamwacha apoe. Nilirudi kwenye usukani nikakaa. Upepo haukuwepo. Boti ikaelea, ikageuka taratibu yenyewe, ikatuonyesha milima ya upande ule, halafu ya upande huu. Mtu akituona kwa mbali angedhani tumekwama.

Hatukuwa tumekwama. Tulikuwa tunapumzika.

Dada yako,
Yasinta